Saa Yenye Namba Upande Mmoja

Mwaka 2009, daktari mmoja wa New York alimpa mgonjwa wake kalamu na karatasi, akamwomba achore saa. Si mtihani mgumu huo. Mtoto wa darasa la pili anauweza: duara, namba kumi na mbili, basi. Mgonjwa alikuwa mwandishi wa habari wa gazeti la New York Post, umri miaka 24, jina lake Susannah Cahalan. Alihangaika na duara mpaka likakaa sawa, kisha akaanza kupanga namba. Zote, kuanzia 1 hadi 12, akazirundika upande wa kulia. Upande wa kushoto ukabaki mweupe, kama vile nusu ya dunia imefutwa.

Daktari huyo, Souhel Najjar, mzaliwa wa Syria, alipoiona ile saa alijua ameshika uzi. Kwa wiki kadhaa vipimo vya mgonjwa huyu vilikuwa vikirudi safi, kimoja baada ya kingine. Picha za ubongo, safi. Damu, safi. Daktari mmoja alikuwa ameshasema ni pombe. Wengine walielekea kwenye ugonjwa wa akili. Saa ile ilisema jambo jingine: upande wa kulia wa ubongo, ambao ndio unaoshughulikia mambo ya upande wa kushoto, ulikuwa umevimba. Najjar aliwaambia wazazi kwamba ubongo wa binti yao unawaka moto. Kitabu alichokuja kukiandika Cahalan mwaka 2012 kilichukua jina lake hapo: Brain on Fire.

Nilikichukua kitabu hiki kama msomaji yeyote wa kumbukumbu za watu: nilitaka hadithi. Nilikimaliza nikiwa na deni.

Deni lenyewe ni hili. Mwaka 2003 nilikuwa darasa la sita, tunaishi Morogoro mjini, na nyumba ya tatu kutoka kwetu alikuwepo dada mmoja aliyekuwa akisubiri matokeo ya kidato cha sita. Ndiye aliyekuwa akinifundisha hesabu jioni. Wiki moja alilalamika kichwa na mafua. Wiki iliyofuata hakulala. Alitembea uani usiku kucha, akasema redio inamtaja jina. Mara anacheka, mara analia. Halafu akaanza kutafuna, kinywa kikienda hakuna chakula ndani, na mikono ikicheza hewani kama anayesuka mkeka. Mwishowe akanyamaza kabisa. Mtaa mzima ulikuwa na jibu. Mama yake alimpeleka kwa mganga, baba mdogo akaleta watu wa maombi, shehe wa jirani akamwandikia kombe. Hospitali nayo walimpeleka, akapewa dawa za wagonjwa wa akili. Wiki ya nne alifariki. Msibani watu wazima walinong'ona neno moja tu: kurogwa.

Sitaki kumpa marehemu ugonjwa ambao hakuna aliyeupima. Kazi yangu ya uandishi imenifundisha angalau hilo. Lakini nilipofika ukurasa ambapo Cahalan anasimulia mikono yake ikinyooka mbele yenyewe na kinywa chake kikitafuna hewa, niliweka kitabu chini nikatoka nje. Halafu nikaanza kutafuta historia ya ugonjwa huu. Makala haya ndiyo matokeo ya kutafuta huko.

Tuanze na kitu ambacho madaktari walikiamini kwa muda mrefu: kwamba ubongo una geti lake, na askari wa mwili, yaani kinga inayopambana na vijidudu, hawaingii humo hovyo. Ubongo ukivimba, basi tafuta mgeni. Tafuta virusi, bakteria, malaria, kifua kikuu. Wazo kwamba askari wenyewe wanaweza kugeuka na kuichoma nyumba wanayoilinda lilichelewa sana kukubalika.

Dalili zilikuwepo. Mwaka 1960 Brierley na wenzake huko Uingereza waliandika habari za watu wazima watatu waliougua ubongo kwa namna ya ajabu, ugonjwa ukilenga hasa yale maeneo ya ndani yanayohusika na hisia na kumbukumbu. Mwaka 1968 Corsellis na wenzake waliupa ugonjwa wa aina hiyo jina la ensefalitisi ya limbiki, wakauhusisha na saratani iliyo mbali kabisa na kichwa, kama ya mapafu. Saratani iko kifuani, akili ndiyo inayopotea. Kwa nini? Miaka ya 1980 likapatikana jibu la kwanza: katika damu ya baadhi ya wagonjwa wenye saratani kulikuwa na kingamwili zinazotambua chembe za ubongo. Kingamwili ni zile silaha ndogo ambazo mwili hutengeneza dhidi ya adui. Mwili ulikuwa umeulenga uvimbe, risasi ikapiga kichwani.

Lakini jibu hilo lilikuja na kukata tamaa. Kingamwili zile za mwanzo zilielekezwa kwenye vitu vilivyo ndani kabisa ya chembe za neva, na kufikia wakati daktari anazigundua, chembe nyingi zilikuwa zimeshakufa. Ukijua, umejua tu. Huna cha kufanya.

Mlango ulifunguka kidogo mwaka 2001, pale watafiti wa Oxford, Angela Vincent akiwa mmoja wao, walipoeleza habari za wagonjwa wawili wenye kingamwili za aina nyingine, ambao ugonjwa wao wa limbiki uliweza kurudi nyuma. Neno la kuzingatia hapo ni kurudi nyuma. Lilikuwa neno jipya katika habari hizi.

Sasa twende Philadelphia. Katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania alikuwepo daktari wa mishipa ya fahamu kutoka Hispania, Josep Dalmau. Mwaka 2005 yeye na wenzake walichapisha habari za wanawake wanne. Wote walianza na mabadiliko ya tabia, wakapoteza kumbukumbu, wakapungukiwa na pumzi. Na wote walikuwa na kitu kimoja katika ovari: teratoma.

Teratoma ni uvimbe wa ajabu. Umetokana na chembe zenye uwezo wa kuwa kiungo chochote, kwa hiyo ukiupasua unaweza kukuta nywele, meno, na hata tishu za neva. Hapo ndipo penye siri. Askari wa mwili wanapokuta kipande cha ubongo kimekaa kwenye ovari, wanakiona mgeni. Wanatengeneza silaha dhidi yake. Kisha silaha hizo zinapanda juu na kumkuta mwenye nyumba halisi, naye ana sura ileile.

Mwaka 2007 kundi la Dalmau likataja shabaha yenyewe kwa jina. Wagonjwa walikuwa 12, wote wanawake, wote wenye teratoma, na kingamwili zao zilikuwa zinashika kipokezi kiitwacho NMDA. Kipokezi ni kama kitasa juu ya ngozi ya chembe ya neva. Ujumbe unakuja kama ufunguo, kitasa kinafunguka, habari inapita. Kipokezi cha NMDA kinahusika na kujifunza na kukumbuka. Kingamwili zikikishika, chembe inakimeza ndani, na kadiri vinavyomezwa ndivyo mazungumzo kati ya chembe na chembe yanavyokatika. Ila chembe yenyewe haifi. Ziondoe kingamwili, vitasa vitarudi mlangoni polepole. Ndiyo maana ugonjwa huu, unaoonekana wa kutisha kuliko ile ya zamani, unatibika kuliko ile.

Anayetaka kuelewa kwa nini kuziba kitasa kimoja kunaleta mapepo, amuulize mtaalamu wa dawa za usingizi. Ketamini, inayotumika kila siku katika vyumba vya upasuaji vya hospitali zetu, hufanya kazi kwa kukizuia kipokezi hikihiki. Wagonjwa wanaozinduka kutoka kwenye ketamini husimulia kwamba walielea juu ya miili yao, au waliona watu wasiokuwepo. Sasa piga picha hali hiyo isiyoisha baada ya nusu saa. Inaendelea wiki, inaendelea mwezi, na hakuna anayejua kwamba ni kemia.

Tarehe hizi zina uchungu wake, na nimezirudia mara nyingi kichwani. Dada wa jirani yetu aliugua 2003. Ugonjwa ulipewa jina 2007. Hata kama ungekuwa ndio ugonjwa wake, na hata kama baba yake angeuza nyumba akamsafirisha hadi Philadelphia kwenyewe, hakuna mtu duniani ambaye angeweza kuutaja. Cahalan aliugua miaka miwili tu baada ya jina kupatikana. Sampuli zake zilipelekwa kwa Dalmau, na jibu likarudi. Miaka miwili hiyo ndiyo iliyoamua kama atakuwa mwandishi wa kitabu au habari ya kunong'onwa msibani.

Kilichofuata kilikwenda kasi. Mwaka 2012 ilichapishwa taarifa ya mradi wa California unaofuatilia ugonjwa wa kuvimba ubongo: kwa watu walio chini ya miaka 30, ugonjwa wa kipokezi cha NMDA ulionekana mara nyingi kuliko kirusi chochote kimoja kilichokuwa kikipimwa. Yaani kitu ambacho miaka mitano nyuma hakikuwa na jina, sasa kiko mbele ya maadui waliokuwa wakitafutwa kwa miongo. Mwaka 2013 ikaja hesabu ya wagonjwa 577. Wanne kati ya watano walikuwa wa kike. Zaidi ya theluthi moja walikuwa chini ya miaka 18. Mdogo kuliko wote alikuwa na miezi minane, mkubwa alikuwa na miaka 85. Wengi hawakuwa na uvimbe wowote, kama Cahalan mwenyewe ambaye hakukutwa nao. Ikajulikana pia kwamba kirusi cha hapesi kikishambulia ubongo kinaweza kuacha nyuma yake kingamwili hizihizi, mgonjwa akapona virusi halafu akaugua upya wiki chache baadaye.

Hebu tuseme dalili zake waziwazi, maana mtu anaweza kuzihitaji. Mara nyingi huanza kama mafua au homa ya kawaida. Ndani ya siku au wiki chache, mtu mzima wa akili anabadilika: halali, ana hofu, anasikia sauti, anashuku ndugu zake. Familia inafikiria msongo wa mawazo, bangi, au mkono wa mtu. Halafu yanakuja mambo ambayo ugonjwa wa akili wa kawaida hauji nayo kwa kawaida: degedege, maneno kupungua mpaka kuisha, midomo na mikono kucheza yenyewe, kukakamaa, mapigo ya moyo na joto la mwili kupanda na kushuka ovyo, pumzi kuwa nzito. Kasi ndiyo inayotoa siri. Mwaka 2016 jopo la wataalamu wa nchi mbalimbali lilitoa mwongozo wa kuutambua ugonjwa huu, na moja ya nguzo zake ni hiyo: mabadiliko ya kumbukumbu, fahamu au tabia yaliyojengeka ndani ya miezi isiyozidi mitatu.

Mwongozo huo una jambo jingine linalotuhusu sisi wa huku zaidi ya wenyewe walioandika. Unasema daktari asikae akisubiri majibu ya kingamwili ndipo aanze tiba. Atumie anachoweza kukipata: historia ya ugonjwa, maji ya uti wa mgongo, picha ya MRI, kipimo cha umeme wa ubongo. Aondoe kwanza maambukizi, na kwetu hiyo ni orodha ndefu: malaria, homa ya uti wa mgongo, kifua kikuu, kaswende, VVU. Yakishaondolewa na picha inafanana, aanze.

Tiba yenyewe haina miujiza. Kama kuna uvimbe, unatolewa. Mgonjwa anapewa steroidi kwa wingi kutuliza askari. Anaweza kuongezewa kingamwili zilizokusanywa kutoka kwa wachangia damu wengi, au damu yake ikachujwa ili kuondoa zile zenye ubaya. Isipotosha, kuna dawa nzito zaidi kama rituksimabu na saiklofosfamaidi. Katika ile hesabu ya 577, waliofuatiliwa kwa miezi 24, wanane kati ya kumi walifikia hali nzuri ya kujitegemea. Waliotibiwa mapema walifanya vizuri zaidi. Wapo waliofariki, na wapo ambao ugonjwa uliwarudia. Kupona nako ni kwa mwendo wa kobe: miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, watu wakijifunza upya kuzungumza na kupanga siku.

Ugonjwa huu haukuishia kwa binadamu. Wasomaji wa umri wangu watamkumbuka Knut, yule dubu mweupe wa bustani ya wanyama ya Berlin aliyezaliwa Desemba 2006, akakataliwa na mama yake, akalelewa na mtunzaji kwa chupa mpaka akawa nyota wa dunia. Machi 2011, mbele ya mamia ya watazamaji, alipatwa na degedege, akaanguka majini akafa. Alikuwa na miaka minne. Ubongo wake ulikuwa umevimba na hakuna kijidudu kilichopatikana cha kulaumiwa. Mwaka 2015 watafiti wa Berlin walirudi kwenye sampuli zake zilizohifadhiwa, wakapima kile ambacho sasa kilikuwa na jina. Kingamwili dhidi ya kipokezi cha NMDA zilikuwemo. Dubu alipimwa baada ya kufa, akapewa jibu. Nilisoma habari hiyo nikacheka, halafu nikanyamaza.

Na sisi? Ukitoka Morogoro mjini ukaenda kusini, ukavuka Kilombero ukapanda milima, unafika Mahenge. Huko, mwaka 1960, mwaka uleule Brierley anaandika habari za wagonjwa wake watatu Uingereza, daktari kijana mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa. Alikuta ugonjwa umejaa miongoni mwa Wapogoro, na wagonjwa wakiishi kama wafungwa. Iliaminika kifafa kinaambukiza kwa mate, kwa hiyo aliyeanguka hakushikwa. Akiangukia motoni, wengi walisita kumtoa. Makovu ya moto yakawa kitambulisho. Jilek-Aall alileta dawa ya fenobabitali, akaleta pia kitu ambacho naona ni kikubwa zaidi: aliwagusa wagonjwa mbele ya watu.

Kati ya watoto wa Mahenge aliwaona waliokuwa na tatizo la peke yake. Kichwa kinashuka, kinashuka, kinashuka, kama mtu anayepambana na usingizi darasani. Wenyeji waliliita kusinzia kichwa. Miongo kadhaa baadaye hali hiyohiyo ikawavamia maelfu ya watoto kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini, na mara nyingi sahani ya chakula ndiyo iliyoanzisha kusinzia kwenyewe. Maeneo yote hayo yanashirikiana kitu kimoja: mito iendayo kasi, inzi weusi, na minyoo ya usubi.

Mwaka 2017 watafiti, wakitumia sampuli za watoto wa Uganda, walitoa pendekezo lililonirudisha moja kwa moja Philadelphia. Katika damu na maji ya uti wa mgongo ya baadhi ya watoto hao waliona kingamwili zinazoshika protini ya ubongo iitwayo leiomodini-1, na kingamwili hizo zilitambua pia minyoo ya usubi. Askari wanamlenga mnyoo, wanampiga mtoto. Ni hadithi ileile ya teratoma, ila safari hii uvimbe umebadilishwa na mnyoo wa mtoni. Si wanasayansi wote waliokubali. Wapo waliotafuta kingamwili hizo kwa wagonjwa wao na kuziona kwa wachache tu, na mjadala unaendelea. Lakini pale Uganda ilipozidisha ugawaji wa ivamektini na kuwapiga dawa inzi, watoto wapya wenye ugonjwa huo wakawa adimu mno. Kwa hiyo hata kabla ubishi haujaisha, dawa ya minyoo inayogawiwa kijijini bure inaweza kuwa inalinda akili za watoto.

Narudi kwenye kitabu, maana hapa ni mahali pa vitabu. Nguvu ya Brain on Fire ni kwamba mwandishi hayakumbuki anayoyasimulia. Karibu mwezi mzima wa maisha yake umefutika. Ilimbidi afanye kazi ya gazeti juu ya nafsi yake: akawahoji madaktari, akasoma shajara ya baba yake, akatazama video za wodini ambazo ndani yake yupo mtu mwenye uso wake asiyemfahamu. Hajifanyi anakumbuka. Pale penye shimo anaonyesha shimo. Sisi tunaoandika habari za watu wengine kwa mikono myepesi tuna la kujifunza hapo.

Anakiri pia jambo linalotia ganzi: matibabu yake yaligharimu kama dola milioni moja. Alikuwa na bima, wazazi waliokataa kuondoka, na daktari aliyekaa chini akaomba achorewe saa. Katika kitabu chake cha 2019, The Great Pretender, anasimulia kuhusu binti mwingine wa Marekani mwenye ugonjwa huohuo, ambaye alikaa miaka miwili akihesabiwa kuwa na skizofrenia kabla mtu hajafikiria kumpima. Yeye hakupata bahati ya kurudi alivyokuwa. Na hiyo ni Marekani, nchi yenye maabara.

Mwaka jana nilikwenda Morogoro kumsalimia mama yule. Nilimwamkia, tukaongea ya mvua na bei ya mchele, kisha nikamweleza taratibu kwamba siku hizi upo ugonjwa unaojulikana, unaofanana na ule, na kwamba siwezi kusema ndio wenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama huo ugonjwa ni wa kutumiwa na mtu. Nikamwambia hapana, mama, ni mwili wenyewe unakosea. Akakaa kimya kidogo, akasema miaka yote hiyo alikuwa hasalimiani na wifi yake.